Kuangalia Oili Siyo Kuipima

Mazungumzo kwa vikundi vyenye pampu za maji, Meru na Embu



Mazungumzo haya tumeyatoa mara nyingi tukitembelea vikundi, na wengi ambao hawakufika wametuomba tuyaandike. Leo basi hatutasema juu ya mikopo wala mbegu. Tutasema juu ya kitu kidogo sana, kijiti kisichozidi urefu wa kidole, kilichoungwa kwenye kifuniko cha oili ya injini. Mafundi wanakiita dipstiki. Tunajua wengine wenu mtasema, "Aa, hiyo tunaijua, kila asubuhi tunaangalia oili." Ni kweli, mnaangalia. Lakini kuangalia ni kitu kimoja na kupima ni kitu kingine, na hapo katikati ndipo injini nyingi za vikundi zinakufia.

Kwa nini tunayasema haya

Hali ya huku kwetu mnaijua. Juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, kuna chai na ubaridi, na mvua si haba. Lakini ukiteremka kwenda Mbeere, Ishiara, Tharaka na sehemu za chini za Imenti, mvua haitoshi, ingawa mito inapita pale pale: Thuci, Ena, Mutonga, Kathita, yote ikielekea Tana. Pampu ndogo ya petroli ndiyo imewawezesha watu wengi kuyapandisha maji hayo mashambani na kulima nyanya, vitunguu, mishiri na tikiti maji wakati wa kiangazi, wakati bei ni nzuri. Siku hizi pampu za sola pia zimefika, na hizo hazina oili ya injini ya kupima. Lakini pampu za petroli bado ziko nyingi, na kwa vikundi vingi ndiyo mali ya kwanza ya pamoja waliyowahi kununua.

Kuna kikundi kimoja cha sehemu za chini ambacho jina lake hatutalitaja, kwa sababu lililowapata linaweza kumpata yeyote kati yetu. Walichanga zaidi ya mwaka mzima mpaka wakanunua pampu. Wakagawana zamu: huyu Jumatatu, yule Jumatano, mwingine Alhamisi, na kadhalika. Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Msimu wa pili, nyanya zikiwa zimeanza kutoa maua, injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga debe kwa nyundo, halafu ikasimama. Kamba ya kuwashia ikakataa kuvutika. Fundi alipoifungua alikuta konrodi imekatika, na kipande chake kimetoboa ukuta wa injini. Oili iliyotoka humo haikujaza kikombe cha chai. Injini ilikuwa imenoki, basi.

Kikao kikaitwa. Wa Jumatatu alisema aliangalia oili na ilikuwa imejaa. Wa Jumatano alisema vivyo hivyo. Wa Alhamisi, ambaye injini ilimfia mkononi, naye akaapa kwamba aliangalia na ilikuwa imejaa. Wakaanza kushukiana. Wengine wakasema kuna mtu anayeiba oili usiku. Wengine wakataka wa Alhamisi alipe peke yake. Huku wakibishana, jua lilikuwa linachoma, na maua ya nyanya yakaanguka.

Tulipofika pale tuliwaomba wale watatu watuonyeshe walivyokuwa wakiangalia, mmoja mmoja, mwingine asione. Wote walifanya sawasawa. Pampu ilikuwa pale pale ukingoni, imeinama. Na kila mmoja alipangusa kijiti, akakirudisha, akakikaza kifuniko mpaka mwisho, ndipo akakitoa na kusoma. Hakuna aliyesema uongo wala aliyeiba. Wote watatu waliangalia, na wote watatu walidanganywa na kijiti kile kile kwa njia ile ile. Ndiyo sababu tumekuja na mazungumzo haya.

Ndani ya injini kuna nini

Injini nyingi za pampu zetu ni za namna ya Honda GX, ukoo ulioanza kutengenezwa mwaka 1983, au ni zile kutoka China zilizotengenezwa kwa kuiga hizo. Ile ya GX160 inabeba oili kiasi cha lita 0.6 tu. Hiyo ni nusu lita na kidogo juu yake. Hebu linganisheni na matatu, ambayo injini yake inabeba lita tano hivi. Matatu ikipungukiwa na robo lita, dereva hatajua na injini haitajali sana. Injini ya pampu ikipungukiwa na robo lita, imepoteza zaidi ya theluthi moja ya oili yake yote. Kosa ambalo kwa gari ni dogo, kwa pampu ni kifo.

Tena injini hii haina pampu ya kusukuma oili ndani yake kama gari. Chini ya konrodi, yaani ule mkono unaoshika pistoni, kuna kijiko kidogo. Injini ikizunguka, kijiko hicho kinapiga oili iliyolala chini na kuirusha kila mahali, kama mtoto anayepiga maji mtoni kwa kiganja. Marashi hayo ndiyo yanayolainisha kila kitu. Sasa oili ikishuka, kijiko kinapiga hewa. Konrodi ya injini hizi ni ya aluminiamu. Ikikauka inapata moto, inashika, na inakatika. Injini huwa haitoi onyo la muda mrefu. Mkisikia mgongo ule wa debe, mara nyingi mmekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo kazi ya kijiti ni kutuambia jambo moja tu: je, kijiko kinafikia oili au hakifikii?

Mteremko unavyomdanganya mtu

Mwanamke yeyote aliyepika kwenye mafiga matatu anajua jambo hili. Figa moja likiwa fupi, sufuria inainama na maji yanakimbilia upande mmoja. Ukitazama upande huo unasema sufuria imejaa. Ukitazama upande wa pili unasema imepungua. Maji ni yale yale.

Injini ni kama sufuria hiyo. Tundu la oili liko pembeni. Pampu ikiinamia upande wa tundu, oili inakimbilia huko, na kijiti kinasema "nimejaa" hata kama imepungua. Ikiinamia upande wa pili, kijiti kinasema "nimepungua" hata kama imejaa, na wewe unaongeza oili isiyotakiwa.

Kwa nini pampu zetu zinakaa kwenye mteremko? Si uvivu. Pampu inaweza kusukuma maji juu sana, lakini haiwezi kuyavuta kutoka chini sana. Hata mahali pa chini kabisa, kuvuta zaidi ya mita 7 hivi ni taabu, na kadiri mnavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi na uwezo wa kuvuta unapungua zaidi. Basi ni lazima pampu iteremshwe karibu na maji, na kando ya mito yetu hakuna uwanja. Kuna ukingo tu.

Dawa yake ni ile ile mnayoijua mashambani. Mmezoea kukata matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Kateni ngazi moja ndogo ya pampu, upana wa hatua mbili, juu kidogo ya pale mto unapofika ukifurika, na mtandaze mawe bapa. Msiubomoe ukingo wenyewe. Kisha pimeni kama pako sawa. Fundi wa mawe ana pimamaji, muazimeni. Kama hayuko, chukueni chupa ya plastiki iliyonyooka, isiyo na kiuno, mjaze maji mkibakiza hewa kidogo, mfunge vizuri na mwilaze juu ya ubao ulionyooka. Kipovu kikikaa katikati, pako sawa. Geuzeni chupa, mbele iende nyuma, muone kama kipovu kinarudi katikati. Fanyeni hivyo kwa urefu na kwa upana. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na hamtairudia mpaka mto utakapowaharibia ngazi.

Kukaza au kutokaza kifuniko

Hapa ndipo wale watatu walipoangukia mara ya pili. Kijiti kimeungwa na kifuniko chenye nyuzi za kukaza. Ukikichomeka tu, kifuniko kikakaa juu ya mdomo wa tundu, kijiti kinaingia kwa kina fulani. Ukikikaza, kinashuka zaidi. Na kikishuka zaidi, kinalowa zaidi. Basi oili ile ile itasomeka mara mbili tofauti.

Kwa injini za Honda GX, kitabu kinasema wazi: chomeka kijiti, usikikaze, kitoe, usome. Ukikaza, kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Lakini ziko injini nyingine, hasa za mashine za kukata nyasi, ambazo kitabu kinataka kifuniko kikazwe mpaka mwisho kabla ya kusoma. Hizo usipokaza zitakuonyesha oili kidogo kuliko iliyopo, nawe utajaza kupita kiasi. Kwa hiyo msifuate mazoea ya jirani. Mfuate kitabu cha injini yenu wenyewe. Mkisha kujua, andikeni kwa rangi kwenye tangi la petroli: USIKAZE, au KAZA. Yeyote atakayekuja zamu atasoma.

Sasa fikirini juu ya kile kikundi. Pampu iliinamia upande wa tundu, uongo wa kwanza. Kifuniko kilikazwa, uongo wa pili. Uongo wote wawili ulikuwa wa upande mmoja, wa kusema "imejaa". Ndiyo maana watu watatu waaminifu waliona oili imejaa katika injini iliyokuwa inakauka.

Hatua za kupima

1. Pimeni asubuhi kabla ya kuwasha. Usiku kucha oili imeteremka yote chini na imetulia. Kama injini ilikuwa inafanya kazi, izimeni na mngoje dakika kumi. Mkipima mara tu baada ya kuzima, oili bado imeshika kuta za ndani, na kijiti kitasema imepungua.

2. Pampu iwe mahali sawa, pale kwenye ngazi yenu.

3. Futeni vumbi na udongo kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua. Mchanga ukianguka ndani unakwangua injini kama sandipepa.

4. Toeni kijiti, mkipanguse kwa kitambaa safi mpaka kikauke. Msisome mara hii ya kwanza. Oili iliyoko hapo ilirukia njiani, haina habari ya kweli.

5. Chomekeni tena, kimenyooka, kwa namna kitabu kinavyotaka, kwa kukaza au kutokaza. Kitoeni polepole.

6. Kishikeni kimelala, msome pande zote mbili. Kama upande mmoja uko juu kuliko mwingine, aminini ule wa chini, kwa sababu wa juu huenda uligusa ukuta wa tundu. Oili mpya ni angavu na haionekani vizuri, basi kishikeni mbele ya karatasi nyeupe.

7. Alama ziko mbili, ya juu na ya chini. Oili ikiwa karibu na ya juu, washeni. Ikiwa katikati, ongezeni kidogo. Ikiwa kwenye alama ya chini au chini yake, msiwashe hata kwa dakika moja. Kaongezeni kwanza.

8. Mkiongeza, ongezeni kidogo kidogo kwa kikombe kidogo, mngoje dakika mbili, mpime tena. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni taabu.

9. Rudisheni kifuniko na sasa mkikaze vizuri. Kutokaza ni kwa kupima tu, si kwa kazi.

Kuna na njia moja ya kuhakikisha. Injini nyingi za namna ya GX zina matundu mawili ya oili, moja kila upande. Injini ikiwa sawa na ikijaa vizuri, oili inafika kwenye mdomo wa chini wa tundu, karibu kumwagika, pande zote mbili. Mkiona upande mmoja umefika mdomoni na upande wa pili umezama, msiguse chupa ya oili. Injini imeinama. Sawazisheni kwanza.

Oili ikizidi, na oili ikipanda yenyewe

Wako wanaofikiri, "Afadhali izidi kuliko ipungue." Hapana. Oili ikizidi, kijiko kinaikoroga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi vizuri. Nyingine inapandishwa mpaka kwenye kisafisha hewa na kukilowesha. Mtaona moshi wa rangi ya samawati au mweupe, plagi itakuwa nyeusi na yenye mafuta, na injini itakataa kuwaka. Ikizidi, fungueni nati ya chini na mpunguze mpaka ifike alama.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Mkipima asubuhi mkakuta oili imepanda kuliko jana, na hakuna aliyeongeza, msifurahi. Huo si muujiza. Mara nyingi petroli imeteremka kutoka kwenye kabureta mpaka ndani ya injini. Hii hutokea pampu inapobebwa kwenye pikapu au bodaboda huku koki ya petroli imeachwa wazi. Nuseni kijiti. Kikinuka petroli, na oili ikawa nyepesi kama maji, mwageni yote na kuweka mpya. Oili yenye petroli hailainishi, hata kama kijiti kinasema imejaa. Desturi nzuri ni kufunga koki kila mnapozima.

Na mkikuta oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Pengine mto ulifurika usiku, ama pampu ilinyeshewa. Hapo pia mwageni yote kabla ya kuwasha.

Waya wa oili

Injini nyingine zina kifaa ndani kinachozima injini oili ikipungua. Ni kitu kizuri. Lakini pampu ikiwa imeinama, kifaa hicho nacho kinaweza kuzima injini yenye oili ya kutosha. Watu wakichoka kuvuta kamba, wanamwita fundi, naye anasema, "Hii ni waya tu inasumbua," anaichomoa na injini inawaka. Kila mtu anafurahi. Tangu siku hiyo injini haina mlinzi. Kabla ya kumruhusu mtu aguse waya huo, sawazisheni pampu na mpime oili. Mara nyingi mtakuta waya ulikuwa unasema ukweli, kwamba oili imepungua au injini imeinama.

Na hata waya ukiwa mzima, msiutegemee badala ya kijiti. Mlinzi wa usiku hamzuii mwenye nyumba kufunga mlango.

Masaa, siyo miezi

Kupima vizuri hakusaidii kama oili yenyewe imechoka. Kitabu cha injini za namna hii kinasema oili ya kwanza kabisa, ile iliyowekwa pampu ikiwa mpya, imwagwe baada ya mwezi mmoja au masaa 20, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo, kila miezi sita au masaa 100, lolote litakalotangulia. Watu wanashika habari ya miezi na kusahau masaa. Hebu tupige hesabu. Kikundi kinachopampu masaa manne kwa siku, kila siku, kinamaliza masaa 20 kwa siku tano, na masaa 100 kwa siku 25. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, oili ya kikundi chenye kazi nyingi haimalizi hata mwezi. Anayengoja miezi sita anaendesha injini kwa tope.

Mkiimwaga, imwageni injini ikiwa na joto kidogo ili itoke na uchafu wake. Ikusanyeni kwenye mtungi. Msiimwage ukingoni, kwa maana wenzenu wanakunywa maji hayo kule chini.

Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu hudhani ni fedha tu zinazotaka daftari. Lakini mashine ya watu wengi inalihitaji zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake amefanya.

Nunueni daftari la kawaida la shule, mlifunge kwenye mfuko wa plastiki, likae pamoja na pampu. Chora nafasi tano: tarehe, jina la aliye zamu, oili ilikuwa wapi (juu, katikati, chini), kiasi kilichoongezwa, masaa yaliyofanyika. Basi. Mtu hahitaji zaidi ya dakika moja kuliandika.

Faida yake ni mbili. Kwanza, mtaona mwenendo. Kama wiki iliyopita mliongeza kikombe kimoja na wiki hii vikombe vitatu, injini inakula oili au inavuja, na fundi anaweza kuitwa mapema ikiwa bado ni kazi ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, likitokea la kutokea, hakuna atakayenyooshewa kidole bure. Kile kikundi tulichokitaja nusura kivunjike, na si kwa sababu ya injini. Injini ilitengenezwa. Kilichochukua muda mrefu kurudi ni kuaminiana.

Maswali tuliyoulizwa

Mama mmoja aliuliza: Pampu yetu ni ya mtumba, kitabu hakipo. Tutajuaje kama kijiti chetu kinakazwa au hakikazwi?

Ni swali zuri sana. Kwanza tafuteni kibandiko kwenye injini, wakati mwingine kiasi cha oili kimeandikwa hapo. Kama hakuna, soma aina ya injini iliyochapwa juu yake, uende kwa muuza vipuri wa kuaminika akuambie kiasi chake. Sasa injini ikiwa na joto, mwageni oili yote. Sawazisheni injini kwa chupa ya maji. Wekeni kiasi kile kile kamili, mkipima kwa chupa yenye alama. Ngojeni dakika kumi. Pimeni bila kukaza, halafu pimeni kwa kukaza. Ile namna itakayoonyesha oili kwenye alama ya juu ndiyo namna ya injini yenu. Iandikeni kwa rangi siku hiyo hiyo.

Kijana mmoja aliuliza: Tunaweza kuweka oili iliyotolewa kwenye matatu? Wanatupa bure.

Hapana, ndugu yetu. Oili ile imetolewa kwa sababu imechoka na ina unga wa vyuma. Pampu yenu haina hata chujio la oili la kuisafisha. Wekeni oili mpya ya injini za petroli, ya namba iliyoandikwa kitabuni. Kwa injini nyingi za namna hii ni SAE 10W-30 au SAE 30. Kwa kuwa inatakiwa lita 0.6 tu, chupa ya lita moja inajaza injini mara moja na kubakisha ya kuongezea.

Mzee anayetunza uwanja wa shule aliuliza: Na mashine ya kukata nyasi, ile ya kupandwa kama trekta ndogo?

Sheria ni zile zile, mzee wetu. Usiipimie pale ulipomalizia kazi, kwa maana viwanja vyetu vingi vina mteremko. Ipeleke mahali sawa, kwenye saruji kama ipo, uzime, uvute breki, na ungoje dakika kumi. Futa majani kuzunguka kifuniko, kwa sababu nyasi zikiingia ndani ni mbaya kama mchanga. Halafu angalia kitabu kuhusu kukaza, maana hapo ndipo mashine hizo zinapotofautiana na pampu. Nyingi zinataka kukazwa. Yule aliyezoea pampu atazijaza kupita kiasi, na yule aliyezoea mashine ya nyasi ataiua pampu. Shule nyingine zina zote mbili na mtunzaji mmoja, basi uwe mwangalifu.

Mwingine aliuliza: Msumeno wangu wa petroli hauna dipstiki. Je, fundi aliitoa?

Hapana, hakuitoa. Misumeno mingi ya petroli, na mashine nyingi za kupulizia dawa zinazobebwa mgongoni, oili ya injini huchanganywa na petroli ndani ya tangi kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Msichanganye mambo haya. Ukiweka petroli tupu kwenye msumeno, utanoki. Na ukiweka mchanganyiko wa oili kwenye tangi la pampu, itatoa moshi na kuchafua plagi, na bado haitakuwa imeongezewa oili mahali inapotakiwa. Kila mtungi uandikwe jina lake.

Mwisho wa maneno yetu

Ndugu zetu, hatukuja kuwafanya mafundi. Fundi ana kazi yake. Lakini fundi haji kila asubuhi. Anayekuja kila asubuhi ni yule wa zamu, na mkononi mwake kuna mali ya familia nyingi.

Tunawaomba kila kikundi kifanye mambo manne kabla ya mkutano wenu ujao. Kateni ngazi ya pampu na muisawazishe kwa chupa ya maji. Hakikisheni kama kijiti chenu kinakazwa au hakikazwi, na muandike kwa rangi. Nunueni daftari. Na siku ya mkutano leteni pampu, kila mwanachama apime oili mbele ya wenzake, mama kwa baba, mzee kwa kijana. Wote wakipata jibu moja, mjue mnapima. Majibu yakiwa matatu, mjue bado mnaangalia tu, na mrudie tena mpaka jibu liwe moja.